Maswali Yenu: Unyevu Karakanani, Ziba Kwanza Ndipo Ukaushe

Barua nyingi za toleo hili zinamlalamikia adui mmoja: unyevu unaotia kutu misumeno, kupinda mbao na kuotesha kuvu nyuma ya makabati. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Wataalamu, salaam. Karakana yangu ya useremala ina urefu wa mita 6, upana mita 5 na kimo mita 2.5. Nimenunua mashine ya kukausha hewa iliyoandikwa lita 20 kwa siku. Inanguruma usiku na mchana, ndoo inajaa, lakini kipimo hakishuki chini ya 70%. Je, ninunue kubwa zaidi?

JIBU: Usinunue kwanza. Ndoo inajaa kwa maji yanayotoka nje, na nje hakuishi.

Fanya hesabu pamoja nasi. Hewa ya nyuzi 28 ikishiba kabisa hubeba takribani gramu 27 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Unyevu wa nje ukiwa 85%, kila mita ya ujazo inayopenya ndani ina gramu 23. Wewe unataka 50% katika joto hilohilo, yaani gramu 13.6. Ziada ni gramu 9.5 hivi. Chumba chako kina mita za ujazo 75, kwa hiyo hewa yake ikibadilika mara moja umeletewa gramu 700 za maji. Jengo lenye mianya ya kawaida laweza kubadilisha hewa yake yote mara moja kila saa bila mtu kufungua mlango; hizo ni lita 17 kwa siku. Ikibadilika mara tatu kwa saa, jambo lisilo la ajabu pale upepo unapovuma na bati halikuzibwa pembeni, zinafika lita 51.

Sasa tazama upande wa mashine. Lita 20 zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa katika nyuzi 30 na unyevu wa 80%. Hewa inapozidi kukauka, mashine hupata maji machache zaidi. Ukikaribia 50% usitegemee zaidi ya nusu ya namba ile. Ndiyo maana umekwama. Lakini ukiziba mianya hadi hewa ibadilike mara 0.3 kwa saa, mzigo unashuka hadi lita 5 kwa siku, na mashine uliyonayo itafika 50% na kujizima yenyewe kila mara.

Mwanya mkubwa kuliko yote huwa juu ya ukuta, pale bati linapoukalia. Mzunguko wa karakana yako ni mita 22. Mwanya wa sentimita moja tu katika mzunguko huo ni sawa na tundu la sm 47 kwa 47 lililoachwa wazi daima. Ukiacha hilo na kuhangaika na nyufa za plasta, umepoteza Jumamosi yako.

Kuna njia mbili za kutafuta mianya. Usiku, washa taa kali ndani, zunguka nje na uweke alama ya chaki kila unapoona mwanga. Mchana, funga kila kitu, weka feni dirishani ikisukuma hewa nje, zunguka mpaka wa feni kwa kadibodi na tepu, kisha pitisha kijiti cha udi kinachofuka moshi kwenye viungo vyote. Moshi ukipinda kuelekea ndani, hapo panavuja. Njia ya pili hugundua hata mianya yenye kona, ambayo mwanga haupiti.

Kila upana una kitu chake cha kuzibia. Chini ya milimita 6 tumia silikoni au siilanti ya akriliki (akriliki ndiyo inayokubali rangi juu yake). Kuanzia mm 6 hadi sm 5, tumia povu la kopo. Lowesha mwanya kwanza kwa maji ya kunyunyizia, kwa sababu povu hilo hukomaa kwa unyevu na likipulizwa kwenye vumbi kavu hujitenga na ukuta baada ya wiki chache. Jaza nusu tu ya kina, nusu nyingine litaijaza lenyewe. Pembeni mwa fremu ya mlango tumia lile lisilotanuka sana; la kawaida lina nguvu ya kupinda fremu hadi kitasa kikatae kufunga. Povu lolote litakaloonekana na jua lipakwe rangi au plasta, la sivyo litageuka manjano na kupukutika. Mwanya unaozidi sm 5 ukate kipande cha ubao wa povu, kipachike, ndipo uzibe kingo zake. Chini ya mawimbi ya bati vipo vijazio vya povu vilivyokatwa kwa umbo la mawimbi hayohayo. Vibandike kwa silikoni juu na chini.

Mlangoni, weka utepe wa mpira pande tatu na brashi au mpira chini. Karatasi ukiifungia mlango na kuivuta, isitoke kirahisi. Mlango wa shata wa kuviringisha hauzibiki vizuri hata ukijitahidi; kama haufunguliwi kila siku, jenga ukuta mwepesi wa ndani nyuma yake. Watu wengi husahau bomba la nyaya za umeme: hewa hupita ndani yake hadi kwenye soketi. Zima umeme, kisha jaza mdomo wa bomba kwa paketi ya udongo laini wa kuzibia, ambao utautoa siku ukihitaji kupitisha waya mwingine.

Jambo la mwisho, usikaushie mbao mbichi ndani humo. Mbao zenye uzito mkavu wa kilo 100 zikishuka kutoka unyevu wa 30% hadi 12% zinatoa lita 18 za maji, na hakuna kuziba kutakakokusaidia na hilo.

SWALI: Nina vipima unyevu viwili mezani pamoja. Kimoja kinasema 58%, kingine 46%. Nikiamini kipi?

JIBU: Usiamini hata kimoja kabla ya kupima kwa chumvi. Jaza kifuniko cha chupa chumvi ya mezani, tia matone ya maji hadi iwe kama uji mzito ambao chumvi haijayeyuka yote. Weka kifuniko na vipima vyote viwili ndani ya mfuko wa nailoni unaofunga, uache mahali penye joto lisilobadilika kwa saa 12. Hewa ya ndani itatulia kwenye 75%. Kinachosoma 70% kimepungukiwa 5. Andika “+5” mgongoni mwake na uendelee kukitumia.

SWALI: Habari za kazi. Alfajiri bati langu linadondosha matone juu ya mashine ya kukereza ingawa mvua haikunyesha. Fundi mmoja ameniambia nibandike karatasi ya fedha chini ya bati, mwingine sufi ya kioo. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yetu, kwa namna walivyokueleza, wote wawili watakuachia matone.

Bati hupoteza joto lake kuelekea anga usiku, na usiku usio na mawingu hupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa iliyolizunguka. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa 90% huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 22. Bati linafika hapo bila shida. Kwa hiyo lengo ni kuizuia hewa ya ndani isiliguse bati kabisa.

Karatasi ya fedha hufanya kazi kwa kurudisha mionzi ya joto, na ili iweze kufanya hivyo inahitaji nafasi ya hewa ya angalau sm 2 mbele ya uso wake unaong’aa. Ukiibandika bapa kwenye bati inakuwa sehemu ya bati, inapoa nalo na kudondosha nalo. Sufi ya kioo nayo ni kihami joto kizuri, ila hewa hupita ndani yake. Mvuke hupanda, hufika kwenye bati, hugeuka maji, sufi inalowa, inalemea na kuning’inia. Baada ya hapo haihami chochote.

Tunachopendekeza ni mbao za povu gumu, zile zenye vitundu vilivyofungwa, za unene wa mm 40 au 50, zikipachikwa chini ya papi (mbao zinazobeba bati) moja baada ya nyingine bila kuacha nafasi. Kila kiungo kipigwe tepu ya alumini, na kingo zote zinapokutana na ukuta zijazwe povu la kopo. Mzingo huo uliozibwa ndio dari yako halisi. Juu yake, kati ya povu na bati, acha sm 3 hadi 5 zenye kupitisha hewa ya nje kutoka kwenye kingo za chini za paa hadi kileleni. Hewa hiyo ya nje nayo itatoa umande kidogo chini ya bati, kwa hiyo tandika juu ya povu karatasi ya kuzuia maji yenye mteremko, maji yateleze hadi nje ya ukuta.

Ukishamaliza, funika povu kwa upande wa chini. Hatusemi hivi kwa ajili ya urembo. Povu likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na karakana ina cheche za grainda na za kuchomelea. Jipsamu ya mm 12.5 au ubao wa saruji wa mm 6 unatosha kwa kazi za kawaida. Mahali pa kuchomelea penyewe tumia sufi ya mawe nyuma ya ubao wa saruji, usiweke povu.

Njia ya mkato ni kupulizia povu la vitundu vilivyofungwa, mm 30, moja kwa moja chini ya bati. Hewa haipati pa kugusa na matone hukoma. Hasara zake ni mbili: siku bati likitoboka hutaona mahali maji yanapoingilia, na kulibadilisha ni kubomoa kila kitu. Kwa bati jipya tungekubali. Kwa la zamani lenye kutu, hapana.

Kama bado hujapaua, ulizia bati lililobandikwa kitambaa kinene cha manyoya upande wa chini tangu kiwandani. Hushika umande wa usiku na kuuachia ukauke mchana. Halihami joto, lakini halidondoshi.

SWALI: Kwa nini mnashauri tufunge kila mahali? Babu zetu walifungua madirisha asubuhi na vyombo havikushika kutu.

JIBU: Kufungua kunasaidia pale tu ambapo hewa ya nje ina maji machache kuliko ya ndani, na asilimia peke yake haikuambii hilo. Nje nyuzi 28 na 55%, ndani nyuzi 20 na 90%: ya nje inaonekana kavu mno. Lakini ukihesabu, ya nje ina gramu 15 kwa mita ya ujazo na ya ndani 15.6. Ni karibu sawa. Tena ukifungua, hewa hiyo itakuta meza ya chuma ya msumeno iliyopoa usiku kucha, na kuna saa chuma kizito hubaki baridi wakati hewa imekwisha kupata joto. Chuma kikiwa chini ya nyuzi 18 kitatoa jasho, na jasho hilo ndilo kutu ya asubuhi.

Kipima unyevu kizuri huonyesha pia kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa maji. Linganisha viwango hivyo viwili. Cha nje kikiwa chini kwa nyuzi 3 au zaidi, fungua. Kikilingana au kikizidi, funga, na uzifunike mashine za chuma kwa blanketi hadi zipate joto la chumba.

SWALI: Nimeweka sufi ya mawe kati ya nguzo za mbao za ukuta, nailoni ndani na nailoni nje ili unyevu usiingie popote. Baada ya msimu mmoja sufi imeota weusi. Kosa liko wapi?

JIBU: Nailoni mbili. Hakuna ukuta ambao unyevu hauingii kabisa: skrubu hutoboa, mvua hupata ufa, na nguzo zenyewe zilikuwa na maji ulipozifunika. Ukuta mzuri ni ule unaoweza kukaukia upande mmoja.

Nailoni moja ndiyo hukaa upande wenye joto na mvuke mwingi. Mahali pa baridi ambapo ndani hupashwa moto, iko ndani. Mahali pa joto ambapo ndani hupozwa kwa kiyoyozi, iko nje. Ukiiweka ndani, mvuke wa nje utasafiri hadi ufike kwenye nailoni iliyopozwa na kugeuka maji hapohapo, nyuma ya ubao, usipopaona. Rangi ya mafuta na karatasi za plastiki za ukutani hufanya kosa hilohilo, tena mara nyingi kuliko nailoni. Mahali pasipo na moto wala kiyoyozi hapahitaji nailoni ukutani hata kidogo: ziba mianya ya hewa kwa makini na acha ukuta upumue. Hewa inayopita kwenye ufa mmoja hubeba mvuke mwingi kuliko ule unaopenya polepole kwenye ubao mzima, na hilo watu hawaliamini hadi waone.

Toa sufi iliyoota kuvu, itupe, usiikaushe. Acha nguzo zikauke hadi 18% au chini kabla ya kufunga tena. Kwa ukuta wa tofali au bloku ulioloa, kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sm 2.5 za unene. Bloku ya sm 15 inataka nusu mwaka. Usiwahi kubandika kihami joto juu ya ukuta unaolowa kutokea chini. Kwanza shusha udongo wa nje hadi angalau sm 15 chini ya usawa wa sakafu, tengeneza mfereji, na uone kama ukuta unakauka.

SWALI: Msimu wa baridi nawasha hita ya gesi isiyo na bomba la moshi. Kwa nini vioo vinatiririka maji?

JIBU: Kwa sababu kila kilo ya gesi inayoungua hutoa takribani kilo 1.6 za maji, na yote yanabaki chumbani. Lita moja ya mafuta ya taa hutoa kama lita moja. Ndani ya chumba kilichozibwa hita hiyo pia hula hewa na inaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Tumia ya umeme, au yenye bomba linalotoa moshi nje.

SWALI: Sakafu yangu ya zege hulowa. Nijuaje kama maji yanatoka ardhini au ni umande? Na nikitaka kuihami, mashine ya kilo 500 itakaa wapi?

JIBU: Chukua nailoni angavu ya sm 50 kwa 50, ibandike sakafuni kwa tepu kingo zote nne, usiache upenyo. Iangalie baada ya saa 24. Matone yakiwa chini yake, au zege likiwa limegeuka rangi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa ya chumba inayotoa umande kwenye sakafu baridi. Rudia sehemu tatu, mojawapo karibu na ukuta wa nje. Sakafu moja yaweza kuwa na matatizo yote mawili.

Kwa maji ya ardhini, tandika nailoni ya mm 0.2 juu ya zege lililofagiwa vizuri. Vipande vipandane sm 20, vipigwe tepu, na kingo zipande ukutani sm 10. Juu yake weka mbao za povu gumu za mm 30, kisha plaiwudi ya mm 12 tabaka mbili, viungo vya tabaka la juu visilalie vya chini, na zifungwe zenyewe kwa zenyewe kwa skrubu fupi ambazo hazitafika kwenye nailoni. Acha mm 10 kuzunguka kuta, maana plaiwudi hutanuka. Umande nao utakoma, kwa kuwa uso unaogusana na hewa sasa si zege baridi.

Kuhusu mashine: kilo 500 juu ya miguu minne ya sm 5 kwa 5 ni mgandamizo wa kilopaskali 500, na mbao nyingi za povu hazihimili hata 300. Weka sahani ya chuma ya sm 20 kwa 20 chini ya kila mguu. Mgandamizo unashuka hadi 31 hivi na povu halitabonyea. Mashine inayotaka usawa kamili usioyumba, kama ya kukereza chuma, ikae kwenye zege lenyewe: kata shimo kwenye sakafu mpya, paka zege la hapo epoksi ya kuzuia unyevu mikono miwili, na zungusha silikoni kwenye kingo.

SWALI: Nimeziba kila kitu na sasa niko 48%. Lakini napaka vanishi, na mashine ya vumbi inatoa hewa nje. Je, si kazi bure?

JIBU: Hongera, na swali lako ni la msingi. Mashine ya vumbi inayotoa mita za ujazo 1,000 kwa saa katika chumba cha 75 hubadilisha hewa mara 13 kwa saa. Ikiwa nje kuna gramu 9.5 za ziada kwa kila mita ya ujazo, inavuta ndani zaidi ya lita 9 za maji kila saa. Mabomba mengi ya vumbi pia hubaki wazi mashine ikizimwa. Weka kifuniko cha kuteleza mwishoni mwa bomba na ukifunge kila unapomaliza. Kama randa au msumeno unafanya kazi saa nyingi, rudisha hewa ndani kupitia kichujio kizuri cha HEPA (aina inayonasa hata vumbi laini) badala ya kuitupa nje. Kichujio cha kitambaa cha kawaida hakifai kwa hilo: hupitisha vumbi laini, lile lenye madhara kwa mapafu.

Ukiamua kutoa nje, toboa pia njia ya kuingizia hewa yenye upana sawa na bomba, nayo iwe na kifuniko. Bila hiyo mashine hunyonya hewa kwenye nyufa ulizoziba, nguvu yake hupungua, na kama kuna jiko au hita yenye bomba la moshi, moshi hurudi chumbani.

Vanishi na rangi za mafuta zinahitaji hewa safi, usibane. Fungua, washa feni ya kutoa, paka, subiri harufu iishe, kisha funga. Ukifunga tena, hewa yenyewe ina ziada ya gramu 700 tu. Mbao na kuta zitakuwa zimenyonya kidogo zaidi, ila kwa kazi ya saa moja au mbili mashine ya kukausha hurudisha kipimo mahali pake ndani ya saa chache. Kabla ya kupulizia chochote chenye thina, chomoa mashine hiyo kwenye soketi kabisa, usitegemee kuizima kwa kitufe: swichi yake ya unyevu hujiwasha yenyewe, na cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke wa thina.